Miguu ya Mama Inavyokwisha

Jumapili, mwezi wa Mei. Mvua tangu alfajiri, haijapumzika.

Mama amelala. Nasikia pumzi zake kutoka chumba cha pili, na kila zikinyamaza kidogo nasimamisha vidole nisikilize. Ni saa tisa mchana lakini ndani kuna giza kama magharibi. Umeme umekatika. Simu ina chaji kidogo, nitaandika mpaka izime.

Sijaandika hapa tangu kabla ya Ramadhani. Nilikuwa na la kusema, ila nililiogopa.

Mamangu anakwisha, na mimi sijui namna ya kumzuia.

Jumanne nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Nauza duka la dawa, hapa hapa Likoni, huu mwaka wa kumi na mbili. Nilimkuta Mama ameketi juu ya mswala, mgongo ameuegemeza kitandani, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba vizuri tu. Nikadhani yuko kwenye uradi wake. Nikaweka mkoba, nikaenda jikoni, nikabandika maji ya chai. Nilipopita tena mlangoni ndipo aliponiita.

"Mwanangu."

"Abee, Mama."

"Hebu njoo uninyanyue. Nimeswali adhuhuri nikashindwa kuinuka. Alasiri nimeiswali hapa hapa."

Alikuwa chini tangu saa saba. Hakuwa amekunywa hata maji.

Nikamuuliza kwa nini hakumwita Bi Mwanasiti, jirani yetu, ambaye kati yake na sisi ni ukuta mmoja. Akaniuliza, "Nimwite nimwambie nini?"

Nilimpitishia mikono makwapani. Nilijikaza kama mtu anayenyanyua gunia, na kidogo nianguke naye kinyumenyume, kwa maana uzito niliouzoea haukuwako.

Asiyemjua Mama atasema mtu wa miaka sabini na minne hukonda, kuna ajabu gani. Lakini Mama alikuwa mkandaji. Kwetu Mtongwe, mwanamke akijifungua, aliyeitwa ni yeye. Alimkanda mzazi kwa mafuta ya nazi siku zote arubaini, mgongo, nyonga, mapaja, akamfunga tumbo, akamwogesha yeye na mwanawe. Alikuwa akimgeuza mwanamke mzima kitandani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika mtoto. Alikuwa akitushika sisi wanawe mabegani kwa upole tu nasi tunapiga kelele. Mikono yake ilijua nyama ya mtu kuliko macho ya wengine.

Ndiyo maana aligundua yeye kabla yangu. Mwaka jana, siku moja ya baridi, aliniita nikamkuta anajikanda paja. Akauchukua mkono wangu akauweka.

"Shika hapa. Wasikia nini?"

Nikasema sisikii kitu.

"Ndiyo hivyo. Hapa palikuwa na nyama. Imekwenda."

Nikacheka. Nikamwambia ni umri, Mama, sote twaelekea huko. Kesho yake nikamletea chupa ya vitamini kutoka dukani, nikaona nimefanya la kufanya.

Jumatano niliomba ruhusa, nikamtia kwenye tuktuk, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa msichana wa bara, hata thelathini sidhani amefika, mwenye sauti ya chini na subira. Alimwambia Mama akae kwenye kiti, mikono aikunje kifuani, ainuke na kuketi mara tano bila kujishika. Mama aliinuka mara moja. Mara ya pili akafika katikati, akarudi chini kwa kishindo. Akatutazama na tabasamu la mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Kisha akapewa chombo cha kubana kwa kiganja, kinachopima nguvu za mkono. Akabana. Daktari akatazama nambari, akasema, "Sasa bana na nguvu zako zote, Mama."

"Nimebana," Mama akasema.

Niligeuza uso nikatazama dirishani.

Daktari akauliza anakula nini. Nikajibu mimi, kwa mdomo mwepesi, kwamba anakula kila kitu, nyumbani twapika. Mama akainama kutengeneza kiatu chake. Daktari akauliza ametumia dawa gani. Hapo nikaanza kutaja. Mwaka juzi aliharisha siku nne, nikampa kapsuli za kuua bakteria. Tumbo likatulia. Baada ya mwezi likarudi, nikampa tena. Kisha akawa na maumivu ya mkojo, nikampa za aina nyingine. Kisha tumbo tena. Nikahesabu kwa vidole mpaka mkono mmoja ukaisha nikaanza wa pili, na daktari akaacha kuandika.

"Nani alikuwa anamwandikia?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Nauza duka la dawa."

Alinieleza polepole, bila ukali, na afadhali angekuwa mkali. Alisema tumboni mwetu mna bakteria wengi mno, wa aina nyingi, na wengi wao ni wa faida. Wanakula vile ambavyo sisi hatuwezi kuvisaga, nyuzinyuzi za maharagwe, za mboga, za nafaka, na kutokana na chakula hicho wanatoa vitu ambavyo mwili unavitumia kuulinda utumbo na kuupoza ule mwako wa ndani ambao wazee huwa nao bila kujua. Watafiti wanaona kwamba misuli nayo ina fungu lake katika hayo. Wazee wengi walioishiwa na misuli, wakipimwa, hukutwa bakteria wao wema wamepungua na aina zimekuwa chache. Na kapsuli haichagui, inaua mwema na mbaya.

Nikasema, "Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo. Bado wanachunguza. Inawezekana bakteria wakipungua, misuli inadhoofika. Inawezekana pia mtu akianza kudhoofika, hatembei, hali vizuri, ndio bakteria wanabadilika. Na umri wenyewe uko. Mimi siwezi kukwambia ni kipi kilitangulia."

Nilitaka aniambie ndiyo au aniambie siyo. Hili la katikati nimelala nalo siku nne.

Akatuandikia mambo ya kufuata. Dawa za kuua bakteria zisitumike tena bila kupimwa kwanza. Mayai, samaki, kunde, mbaazi, mboga za majani, maziwa ya kuganda akiyapenda. Mazoezi ya kuinuka kitini, kila siku, na miadi ya mtaalamu wa viungo. Alisema nyama hurudi hata kwa mzee, kidogo kidogo, kwa taabu. Alisema pia vyakula hivyo vianze kwa vijiko viwili vitatu, tumbo lizoee, la sivyo litamsumbua. Na akasema, akinitazama mimi na si Mama, kwamba akianguka akavunjika nyonga itakuwa habari nyingine.

Nilisikia yote. La vijiko ndilo lililonipita.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka juzi, Mama alipoharisha, nilikuwa peke yangu naye. Nimeachika miaka mingi, sina wa kupokezana naye. Mzee mwenye tumbo la kuendesha huwezi kumwacha nyumbani akaenda choo cha uani peke yake mara nane kwa siku. Na tajiri wangu dukani hakuwa mtu wa kuelewa siku tatu za kutokuja kazini. Nilijua kwamba kapsuli zile ni za kuandikiwa. Tangazo liko ukutani nyuma yangu, mimi ndiye niliyelibandika. Lakini siku ya pili tumbo lilikuwa limekaza, na mimi nikaenda kazini.

Nilimpa ili niweze kwenda kazini.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Mama akisema tumbo, mkono wangu tayari uko kwenye mkoba. Na si yeye tu. Ni watu wangapi wamesimama mbele ya kaunta yangu wakasema tumbo la mamangu, tumbo la babangu, nami nikahesabu kapsuli nikazitia kwenye kibahasha, nikaandika moja asubuhi moja jioni? Tangu Jumatano nawaona sura zao.

Alhamisi niliamka na nguvu. Nikapika mbaazi za nazi, nikachemsha mayai, nikakaanga mchicha. Nikamwekea bakuli limejaa juu ya meza na kulifunika kwa kawa, nikaenda kazini. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu, hata limeoshwa. Nikampigia kakangu, anakaa Mkomani na mkewe, nikamwambia Mama amekula, amemaliza. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikajiona tayari nimeanza kukitengeneza nilichokiharibu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa uani naanua nguo kabla mvua haijashuka. Bi Mwanasiti alikuwa mlangoni pake na bata wake, anao sita, wanene wa kuburura tumbo chini. Tukaamkiana, tukaulizana hali. Kisha akasema, kwa moyo mweupe kabisa:

"Mwenyezi Mungu awazidishie. Bata wangu wananenepa kwa chakula cha kwenu. Jana mamako kawamwagia mbaazi na mchicha, hata mayai. Nikamwambia, Bi mkubwa, haya si mabaki haya."

Nikasema amin. Nikaingia ndani na zile nguo mikononi.

Mama alikuwa amekaa kitandani, chai ya mkandaa mbele yake na kipande cha boflo. Ndiyo chakula chake, nikafikiria sasa. Chai ya rangi na mkate mweupe asubuhi, na usiku vivyo hivyo, na mchana alikuwa akiniambia alikula nilichoacha.

"Mama, bata wa Bi Mwanasiti wamekula mbaazi zangu."

Aligeuza macho ukutani.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu posa ya mjukuu wangu."

Nikakumbuka. Mwaka jana, posa ya binti ya kakangu, kule Mkomani. Mimi nilikuwa kazini, nikafika jioni kumchukua, nikamkuta amebaki peke yake sebuleni, hataki kuinuka, hataki kuongea. Njiani alikuwa amelikumbatia buibui lake kana kwamba anaona baridi. Nikadhani amechoka na wageni.

Akanisimulia sasa, macho bado ukutani. Wageni wa kiumeni walikuwa wamejaa sebule, wazee na wake zao. Akasikia tumbo. Akataka kuinuka aende msalani, na miguu haikumpa ile haraka aliyoihitaji. Akarudi kuketi. Ikamtoka pale pale, mbele ya wakwe wa mjukuu wake, juu ya mto wa kochi la mwanawe. Hakuna aliyejua. Alikaa, akacheka walipocheka, akaitikia dua, akakataa kuondoka alipotakiwa kwenda kula, mpaka mtu wa mwisho akatoka. Kisha akautia ule mto ndani ya buibui na kutoka nao. Usiku ule aliutupa.

"Mke wa kakako aliutafuta siku nyingi," akasema. "Aliniuliza hata mimi."

Nikakaa kitandani kando yake. Sikujua niweke wapi mikono.

"Basi tangu siku hiyo nikasema chakula cha kunitia fujo tumboni sikili tena. Mbaazi, kunde, mboga, maziwa, vyote basi. Chai na boflo haviniudhi. Naingia msalani siku mbili mara moja, natoka msafi."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungeniletea dawa."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara ngapi sijui.

Hapo nikavunjika. Nikamwambia yote, kwamba zile kapsuli nilimpa kwa haraka zangu, kwamba huenda ndizo zilizomharibu tumbo, kwamba huenda hata tumbo lile la siku ya posa lilitokana nazo, kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Nililia nikisema. Mama aliningoja nimalize.

"Kwa daktari nilikuwako," akasema. "Mimi si kiziwi. Wewe usiyachukue yote. Mengine ni yangu. Chakula nilikikataa mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono."

Kisha akaisukuma chai kando. Akasema, "Mimi nimeosha wanawake na watoto wao miaka arubaini. Damu, haja, kila kitu, wala sikuona kinyaa. Lakini mimi kuoshwa sitaki. Nikifa, nataka nife msafi."

Akanitaka nimwapie kwamba kakangu hatajua habari ya posa. Nikasema wallahi hatajua.

Naandika hapa kwa sababu humu hanijui mtu, majina si yenyewe, na kakangu hasomi kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Bado sijui kama nimevunja kiapo. Lakini ningenyamaza na hili siku moja zaidi lingenipasua.

Jana Jumamosi kakangu alikuja. Ni mtu mwema, niseme hivyo kwanza. Ana kazi ya ofisi kule Changamwe, kwenye yadi ya makontena, na alitoka huko moja kwa moja bila kupita kwake. Alikuja na mkebe mkubwa wa unga wa protini, wenye picha ya mwanamume aliyevimba mikono. Mama akautazama mkebe, akamtazama yeye, akasema ahsante mwanangu.

Kakangu akasema ameamua. Mama ahamie kwake Mkomani. Kuna choo cha kukalia ndani kwa ndani, kuna msichana wa kazi, mkewe yuko nyumbani mchana kutwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Kwangu choo kiko uani, cha kuchutama, na mimi siku nzima sipo.

"Sitakwenda," Mama akasema.

"Kwa nini, Mama? Kuna mtu kakukosea kwangu?"

Mama akanitazama mimi.

Kakangu naye akanigeukia. Akaniuliza daktari alisema nini hasa, maana kwenye simu nilimwambia juu juu tu. Ningeweza kumwambia kwamba Mama hali chakula. Lakini angeuliza kwa nini hali, na jibu la swali hilo nimeapa kulificha. Nikamwambia nusu iliyo yangu. Nikamwambia kapsuli, ngapi, tangu lini, bila kuandikiwa.

Akausogeza ule mkebe pembeni. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Miaka yote hii mambo ya dawa tumekuachia wewe. Tulisema wewe ndiwe unayejua."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hii miguu ni kazi yako."

Nikasema ndiyo.

"Na kuja kwangu hataki kwa sababu umemjaza maneno?"

Nilimngoja Mama. Niliona aibu jinsi nilivyomngoja, mtu wa umri wangu, kama mtoto anayesingiziwa mbele ya mwalimu na mamake yupo. Mama alitazama mlango. Hakunitetea.

Namwelewa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, labda. Lakini nilipokwenda jikoni kuwaletea chai nilisimama mbele ya jiko nikaona sina mtu duniani.

Kakangu aliondoka akisema ananipa wiki mbili. Mama asipopata nafuu, atakuja na gari amchukue, atake asitake. Aliniaga kwa jina langu. Siku zote huniita dadangu.

Leo asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani. Mama akanionyesha kwa mkono nije karibu. Akasema, "Nipe hizo mbaazi zako."

Nadhani alikuwa akinilipa kwa kile kimya cha jana. Hakuna lingine. Na mimi nilifurahi hata sikufikiri. Nilipasha moto, nikajaza bakuli, nikamwongezea mchuzi, nikakaa mbele yake nikimtazama anavyotafuna. Alikula polepole, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayemeza kidonge. Kila akipumzika nilisema bado kidogo, Mama, malizia. Akamaliza.

Hazikupita saa mbili akanishika mkono. Nikaona uso wake nikajua.

Nilimnyanyua, nikamtia kanga kichwani kwa ajili ya mvua, tukatoka. Kutoka mlango wetu hadi choo ni hatua ishirini, kwa mtu mzima. Uani kulikuwa na matope na maji yanapita. Nilimshika kiunoni, mkono wake shingoni pangu. Tulifika kwenye kamba ya nguo. Hapo miguu ikagoma. Haikuteleza, haikuanguka, iligoma tu, akawa ananing'inia shingoni mwangu, na pale, katikati ya uani, mvuani, ikamtoka.

Mlango wa Bi Mwanasiti ulifunguka kidogo. Kisha ukafungwa polepole. Mungu amlipe kwa kuufunga.

Mama hakulia. Alisema, "Nilikwambia," basi.

Nilimpeleka bafuni, nikamkalisha kwenye kigoda, nikapasha maji. Nikamwosha. Alifumba macho kutoka mwanzo hadi mwisho, amekaza midomo, kama mtu anayengoja maumivu yapite. Mimi ndiye niliyeona. Sijawahi kuyaona mapaja ya Mama tangu yaanze kwisha, maana siku zote huwa kwenye kanga. Ngozi inaning'inia kwenye mfupa kama nguo aliyoazima kwa mtu mkubwa kuliko yeye. Nilipompitishia sabuni kiganja changu kilizunguka paja zima, kidogo vidole vikutane. Nikajaribu kuwa na mkono mwepesi, kama alivyokuwa yeye kwa wale wanawake. Sijui kama nilikuwa.

Nilipokuwa nasuuza kanga yake ndipo sauti ya yule daktari iliponijia, wazi kabisa. Vijiko viwili vitatu. Tumbo lizoee.

Mimi nilimpa bakuli.

Nimefanya tena kile kile. Mwaka juzi nilitaka tumbo likaze kesho yake, na leo nilitaka miguu irudi kwa mlo mmoja. Kila mara mimi ndiye ninayefanya haraka, na kila mara unaolipa ni mwili wa Mama. Kama bakteria wema bado wamo mle ndani, wachache waliosalia, nimewamwagia chakula cha sherehe baada ya mwaka mzima wa njaa. Na kama Mama alikuwa na punje ya imani kwangu, nimeimwaga pamoja nao pale kwenye kamba ya nguo.

Tangu wakati huo hajasema nami. Amekunywa maji nilipomwekea kikombe mdomoni. Amegeukia ukuta. Nimemwambia nisamehe, Mama. Nimeona bega likitikisika kidogo, sijui ni ndiyo, sijui ni baridi.

Wiki mbili za kakangu zimeshapungua siku moja.

Nimefikiri kumpigia nimwambie aje amchukue leo leo, nishindwe tu, yaishe. Nimeishika simu mara mbili. Halafu nikafikiri juu ya lile kochi, na Mama kuketishwa juu yake kila siku, na shemeji yangu akipita na kusema kuna mto ulipotea hapa.

Kesho kabla ya kazi nitapita kwa fundi akate kiti cha plastiki katikati, nikiweke kando ya kitanda, ndoo chini yake na pazia mbele. Mama ataona nimemtukana. Nitakubali. Nitamwomba tajiri ruhusa ya kurudi nyumbani saa saba kila siku, nusu saa tu, akikataa nitajua la kufanya, au sitajua. Na mtu wa kwanza atakayesimama kwenye kaunta aseme tumbo la mamangu, nitamwambia ampeleke akapimwe. Atakwenda duka la pili, atauziwa. Najua. Nitamwambia hata hivyo.

Je, nyama hurudi kwa mtu ambaye hataki kula, anayelishwa na mtu asiyejua kungoja? Hilo sikumuuliza daktari.

Chaji imebaki alama moja. Mvua imepungua, na Mama amekohoa, kwa hivyo yuko macho.

Nimeloweka konzi moja tu ya mbaazi. Asubuhi nitampelekea vijiko viwili, nisimame mbali, nisimhimize. Asipokula nitazila mimi, na jioni nitaloweka nyingine.